Babu Yetu Mpagazi: Habari za Vita vya 1914 Hata 1918

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa nchi hii ya kusini yuko babu mmoja ambaye habari zake zote husemwa kwa maneno mawili tu: "Alikwenda vitani." Alimtumikia nani, alifanya kazi gani, alirudi kwa njia ipi, hayo hayasemwi. Maneno mawili yale huwatosha watoto wakati wa kulala, lakini hayatoshi kwa kitabu cha Jubilii. Basi tulipoombwa kuandika habari za Kanisa katika miaka ya vita, tuliona afadhali tuanze nyumbani kwetu, na babu yetu mzaa mama, kwa maana habari zake twaweza kuziulizia bila kuona haya. Watu wake wametupa ruhusa tuziseme, ila jina lake wametaka lisichapwe.

Kwanza yafaa wasomaji vijana wajue hali ya nchi ilivyokuwa. Vita vilipoanza katika Agosti 1914, tulikuwa chini ya Wadachi, yaani Wajerumani. Mitaa ya Masasi ilikuwa bado sehemu ya Dayosisi ya Zanzibar. Dayosisi ya Masasi ilitengwa baadaye, katika mwaka wa 1926, na Askofu William Vincent Lucas akawa Askofu wake wa kwanza. Wamisionari wa U.M.C.A. wengi wao walikuwa Waingereza, kwa hiyo machoni pa Wadachi walikuwa adui. Wakakamatwa, wakatiwa kifungoni, na wengi wao walikaa Tabora hata Wabelgiji walipouingia mji ule katika Septemba 1916. Mitaa ikabaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika. Wala hao hawakuachwa kwa amani. Wako waliofungwa minyororo na kupigwa, kwa kushukiwa kwamba wawapasha Waingereza habari. Walimu wa leo na walikumbuke neno hili, maana daftari tutakazozitaja hapa chini ziliandikwa kwa mikono ya watu wa namna hiyo, katika siku ambazo kuandika barua tu kwaweza kumtia mtu hatarini.

Manowari za Waingereza zilitwaa Kilwa, Lindi na Mikindani katika Septemba 1916, lakini bara ilibaki kwa Wadachi mwaka mzima tena na zaidi. Nchi ya Masasi na Newala ikawa ghala ya jeshi la Jemadari Lettow-Vorbeck: nafaka ilitoka huku, na vichwa vya kuichukua vilitoka huku. Katika mwaka wa 1917, tarehe 15 hata 18 Oktoba, majeshi mawili yalipigana Mahiwa, katika njia ya kutoka Lindi kwenda bara. Waingereza walipoteza watu wapata 2,700, kwa waliokufa na waliojeruhiwa. Wadachi walipoteza wachache kuliko hao, wapata 500 au 600, walakini wao hawakuwa na mahali pa kupata wengine. Wakarudi nyuma hata Chiwata penye kituo cha misioni yetu, na kutoka Chiwata hata Nambindinga, juu ya uwanda wa Makonde. Hapo Lettow-Vorbeck aliona ya kuwa risasi na dawa hazitoshi tena, akawachagua atakaokwenda nao, na wengine, wagonjwa kwa wazima, akawaacha watekwe. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma na Wazungu wapata 300, askari wapata 1,700, na wapagazi wapata 3,000. Hakurudi katika nchi yetu hata Septemba 1918, na silaha aliziweka chini Abercorn, mji ambao leo waitwa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Nyumbani kwetu ilisimuliwa ya kuwa babu alikuwa askari wa jeshi lile, na kwamba alivuka Ruvuma pamoja na Lettow-Vorbeck, akazunguka naye hata mwisho. Msimulizi mkubwa wa habari hiyo alikuwa mjomba wetu, ambaye sasa ni mzee sana, na fahari yake yote i katika neno lile "askari". Alikuwa na ushahidi, nao si haba. Katika sanduku la bati la babu imo sarafu ya shaba ya heller 20, yenye mwaka 1916 na herufi T, maana yake ilipigwa Tabora, katika karakana ya reli, wakati Wadachi walipokuwa wamekatiwa njia ya baharini na fedha imewaishia. Tena babu mwenyewe alizoea kusema, "Nalivuka Ruvuma," na, "Nimepanda meli." Mjomba alisema, meli ipi iwe, kama si ile ya ziwa la Tanganyika? Kwani twajua ya kuwa watu wa Lettow-Vorbeck walipokwisha kutoa silaha zao walivushwa ziwa lile, wakapelekwa Kigoma, na askari wake wakawekwa Tabora. Kwa kweli hoja hii ilikuwa nzuri, nasi tuliikubali miaka mingi.

Lakini sarafu haina mwenyewe. Sarafu zile zilizagaa nchi nzima, kwa askari, kwa wapagazi, kwa wauza kuku, hata kwa watoto waliozitoboa wakazivaa shingoni. Mtu akiikuta katika sanduku la babu yake, amejua tu ya kuwa babu yake aliishi katika siku zile, jambo ambalo alilijua tangu mwanzo.

Tulikwenda, basi, kwenye daftari za mtaa. Wengi hudhani ya kuwa habari za vita zimo katika ofisi za serikali peke yake. Zimo huko, ndiyo. Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziko karatasi nyingi za Wadachi na za Waingereza, na huko Kew, karibu na London, zimewekwa daftari za vita za vikosi vya Waingereza. Karatasi za U.M.C.A. ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian, katika jengo liitwalo Weston; walakini msomaji asifurahi upesi, maana jina hilo si la Askofu Frank Weston wetu, ni la watu wengine kabisa. Lakini daftari za majeshi ziliandikwa na maofisa, na ofisa huandika, "Wapagazi 400 wamefika," asiandike hata jina moja. Ni kanisani tu ambako mtu mnyonge aliandikwa kwa jina lake, na jina la baba yake, na kijiji chake, kwa sababu kanisani alihesabiwa kuwa mtu mmoja, si mzigo mmoja.

Hata kanisani kumtafuta si kazi nyepesi. Babu alikuwa na jina la utotoni, na jina la kutoka jandoni, na jina la ubatizo. Jina la ubatizo liliandikwa mara kwa L na mara kwa R, kwa kadiri ya ulimi wa mwandishi. Tena kijiji chake kilikuwa na majina mawili, kwani watu wa kwetu walizoea kukiita kijiji kwa jina la jumbe, na jumbe akifa kijiji chabadilika jina bila ya kuhama. Tulimfuata mtu mwingine muda wa miezi miwili, tukidhani ndiye, hata tulipoona ya kuwa mtu yule alibatizwa akiwa mzee. Lililotuokoa ni majina ya wadhamini. Bibi, mke wa babu, aliwaambia binti zake jina la mdhamini wa mumewe, na jina hilo tulilikuta katika kitabu cha ubatizo cha mwaka wa 1912, na chini yake jina la kijana, mwana wa fulani, wa kwa fulani. Hapo tulijua kwamba tumemshika.

Sasa twaja kwenye daftari ya washirika, yaani orodha ya wale waliopokea Ushirika Mtakatifu. Katika daftari hiyo kila mtu ana mstari wake, na kwa kila sikukuu kubwa kuna alama. Katika mwaka wa 1915 mstari wa babu umejaa alama. Katika 1916 zimepungua. Katika 1917, baada ya Pasaka, hakuna hata moja, na pembeni limeandikwa neno moja kwa wino hafifu: "pagazi".

Si "askari". Mwandishi yule, mwalimu au padre, alijua sana tofauti, maana katika ukurasa uo huo yuko mtu mwingine ambaye pembeni pake pameandikwa "askari" wazi kabisa.

Tulipomsomea mjomba neno hili alikasirika, akasema mwalimu yule alikuwa na wivu. Hatukubishana naye. Walakini yafaa kueleza hasira hiyo ilitoka wapi, kwa maana nyumba nyingi zinayo. Askari alikuwa na bunduki, na mshahara, na mke wa kumpikia, na vijana wa kumchukulia vyombo vyake. Mpagazi alikamatwa usiku kwa jumbe, akafungwa kamba na wenzake, akachukua mzigo wa ratli 50 au 60, akalala chini penye mvua. Askari alirudi akasimulia. Mpagazi alirudi akanyamaza. Kisha watoto wakazaliwa, wakauliza, wakapewa hadithi ya askari, kwa kuwa ndiyo hadithi iliyokuwapo kijijini.

Lakini lile la kuvuka Ruvuma? Hapo kitabu cha ubatizo kilitusaidia mara ya pili, tena mahali ambapo hatukufikiri kutafuta. Tulikuwa tumemtafuta babu katika majina ya waliobatizwa na waliooa. Binti mmoja wa shule ya Jumapili, aliyekuwa akitusomea kwa sababu macho yetu hayaoni tena wino wa kale, ndiye aliyeliona jina lake katika safu ya wadhamini. Alikuwa amesimama mdhamini wa kijana mmoja Jumamosi Kuu, tarehe 30 Machi 1918. Siku ile Lettow-Vorbeck na watu wake walikuwa ndani ya nchi ya Wareno, mbali kusini ya Ruvuma. Mtu hawezi kuwa katika nchi ya Msumbiji nyuma ya Lettow-Vorbeck, na papo hapo kuwa penye kisima cha ubatizo katika mtaa wetu. Basi alikuwa mmojawapo wa wale walioachwa Chiwata au Nambindinga, au labda alitoroka kabla ya hapo, kama walivyotoroka wapagazi wengi kila walipopita karibu na kwao.

Na baada ya Pasaka ile? Mstari wake una alama ya Pasaka, kisha weupe tena mwaka mzima, na neno la pili pembeni, kwa mkono mwingine: "Lindi, kazi ya Waingereza." Waingereza nao, walipokwisha kuishika nchi, walikamata wapagazi kama waliowatangulia. Walikuwa wameanza katika mwaka wa 1917 kuchukua watu kwa nguvu katika kila nchi waliyoitawala, kwa maana farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, na njia za motokari ziligeuka matope. Tangu mwanzo wa 1918 majeshi yao yalimfuata Lettow-Vorbeck kutoka Port Amelia, bandari ya Wareno, ambayo sasa ni mji wa Pemba wa Msumbiji. Na njia ya kutoka Lindi kwenda Port Amelia ni bahari. Hapo tulikumbuka neno la babu juu ya meli, nasi tukamwuliza shangazi yetu mkubwa, je, babu alisema nini hasa? Akajibu pasipo kufikiri, "Alisema maji yale yalikuwa ya chumvi, na watu walitapika hata wakaomba kufa." Maji ya Tanganyika si ya chumvi.

Kwa hiyo twaamini ya kuwa babu alipita Ruvuma kweli, ila aliipita kwa baharini, mbele ya mlango wake, akiwa chini ya sitaha pamoja na magunia. Aliwachukulia mizigo Wadachi, kisha akawachukulia Waingereza waliowafukuza Wadachi. Wala katika vita hivyo viwili hakuulizwa na mtu kama yuko upande gani.

Liko jambo jingine dogo ambalo hapo kwanza tulilicheka. Babu hakula ugali wa mahindi katika nyumba ya mtu mwingine. Wa mtama alikula, wa muhogo alikula. Wa mahindi alikula kwa mkewe tu, na hata kwake aliketi karibu na chungu akitazama hata uchemke kitambo kirefu. Watu walimwita mchaguzi. Tuliposoma habari za kambi za wapagazi wa Waingereza tulielewa. Wengi wa wapagazi walikufa, si kwa risasi, bali kwa kuhara damu, na malaria, na kichomi. Na sababu moja kubwa ya kuhara ilikuwa chakula: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wa chenga, ukapikwa nusu na watu waliochoka, penye kuni mbichi na sufuria chache, kisha ukaliwa na watu ambao matumbo yao yalizoea mchele, ndizi au mtama. Oscar Watkins, ofisa aliyewekwa juu ya wapagazi wa Waingereza, alijitahidi kuwaandikisha na kuwatunzia chakula chao, lakini vita vilikimbia mbele kuliko sufuria. Bibi alijua. Alituambia mama zetu, "Mwacheni atazame chungu chake," wala hakueleza zaidi.

Hesabu ya waliowatumikia Waingereza kwa kuchukua mizigo katika vita hivyo vya Afrika Mashariki hukadiriwa kuwa kama milioni moja, wa nchi zote pamoja. Na waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, ni wapata 95,000, na wengi wasema ni zaidi. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam ni jina la kikosi chao lililogeuzwa na ndimi zetu, kwa kuwa kambi yao ilikuwa mahali pale. Na Nairobi iko Kariokor, jina lilo hilo. Mtu anunuaye nyanya Kariakoo apita juu ya kambi yao. Miaka michache baada ya vita, wakubwa waliokuwa wakitunza makaburi ya vita walikubaliana na serikali ya Tanganyika ya kuwa makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yamezwe na majani. Wazungu waliandikwa mmoja mmoja juu ya mawe. Kwa Waafrika zilisimamishwa sanamu tatu, Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, zisizo na majina. Katika mwaka wa 2021 halmashauri ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kukiri jambo hilo: ya kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Haki yatutaka tumtaje pia Askofu Frank Weston. Katika 1916 yeye mwenyewe alikusanya kikosi cha wapagazi wa Zanzibar, akaenda nacho kwa miguu, akapewa cheo cha Meja. Alikula nao na kulala nao. Aliandika kitabu kidogo kuwashitaki Wadachi kwa walivyowatenda Waafrika, na katika 1920 akaandika kingine kuwashitaki Waingereza, taifa lake mwenyewe, kwa kuwalazimisha watu kazi. Kitabu cha kwanza kiliwapendeza sana wakubwa wa London. Cha pili hakikuwapendeza. Alikufa Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ya Kuwakumbuka Marehemu Wote.

Mjomba wetu alikaa kimya majuma mengi. Kisha siku moja baada ya Misa aliomba aonyeshwe ile daftari, na padre akamfunulia ukurasa. Aliweka kidole juu ya neno "pagazi", akauliza, "Na hawa wengine ni nani?" Sisi, katika kumtafuta mtu mmoja, hatukuwa tumetazama sana mistari iliyo juu yake na chini yake. Katika ukurasa ule na unaofuata wako watu 23 wenye neno lilo hilo pembeni. Kwa 9 kati yao alama za Ushirika zarudi, katika 1918 au 1919. Mmoja amechorwa msalaba, na mwezi, na neno "mafua", maana homa ile ya mafua ya mwisho wa 1918 iliwakuta wengi wakiwa njiani kurudi. Kwa 13 waliobaki mwandishi ameandika "hajarudi", akaacha nafasi mbele ya neno, kana kwamba ataongeza baadaye. Nayo nafasi ni tupu hata leo.

Kwa ruhusa ya Padre wa mtaa, majina hayo 13 yalisomwa madhabahuni tarehe 2 Novemba iliyopita, na jina la babu yetu likasomwa pamoja na wale 9 waliorudi, kwa kazi yake, mpagazi. Mjomba ndiye aliyeomba liseme hivyo. Wajukuu wa watu watatu kati ya wale 13 wamekwisha kupatikana, wawili katika mtaa wetu na mmoja ng'ambo ya mto Lukuledi, naye alikuwa na neno la nyumbani kwao kwamba babu yao "alikwenda Lindi kununua chumvi". Majina ya 10 wasiojulikana, pamoja na majina ya baba zao na ya majumbe wao, yamebandikwa mlangoni mwa kanisa, upande wa kulia. Mwenye kumtambua mmoja wao na amwambie katekista siku yoyote baada ya sala ya asubuhi; na kama nyumbani kwake kuna jina la utotoni, au jina la kijiji lililokwisha kusahauliwa, alilete hata likionekana si kitu.